Anayeteswa na mikeka hahitaji mkopo, anahitaji timu

Oktoba 21, 2023, Newcastle United iliichapa Crystal Palace mabao 4-0 pale St James' Park. Mabao manne ni mengi, lakini moja ya kelele kubwa za siku ile haikuwa ya bao. Ilikuja kipindi cha pili, kiungo Sandro Tonali alipoinuka benchi kuingia uwanjani. Mashabiki walisimama, wakampigia makofi na kumwimba.

Shabiki wa Bongo ambaye hakufuatilia habari za wiki ile angedhani jamaa anatoka kwenye majeraha. Wapi. Siku tisa kabla, wachunguzi wa Italia walikuwa wamemfuata kwenye kambi ya timu ya taifa kumhoji kuhusu kubeti kwenye tovuti zisizo halali. Wakala wake alishatoka hadharani kusema kijana ana uraibu wa kamari. Habari zilishasambaa kwamba alikuwa akibeti mpaka mechi za timu yake mwenyewe. Newcastle ilikuwa imetoa zaidi ya pauni milioni 50 kumng'oa AC Milan Julai ya mwaka huohuo. Adhabu ilikuwa njiani na uwanja mzima ulilijua hilo. Walimpigia makofi mtu ambaye anakaribia kuwatia hasara.

Siku chache baadaye rungu likashuka. Miezi 10 nje ya uwanja, na juu yake miezi minane ya mpango wa matibabu pamoja na kujitokeza mbele ya watu mara 16 kusimulia yaliyomkuta. Newcastle haikusema kijana kaonewa. Haikusema pia kwamba haimjui. Ilimwacha aitumikie adhabu yake, ikamruhusu aendelee kufanya mazoezi na wenzake, na kocha Eddie Howe akawa anasema kila alipoulizwa kwamba klabu iko naye. Tonali alirudi Agosti 28, 2024 kwenye Kombe la Carabao dhidi ya Nottingham Forest. Machi 16, 2025 alikuwa Wembley kwenye fainali ya kombe hilohilo, Newcastle ikiilaza Liverpool 2-1 na kubeba taji kubwa la kwanza la ndani tangu 1955.

Habari hiyo ina kazi Mbagala, Buzuruga na Ngarenaro kuliko ilivyo na kazi Newcastle. Kila kijiwe kina Tonali wake. Ni yule jamaa anayejua ratiba ya ligi daraja la pili ya Brazil na hawezi kutaja mchezaji hata mmoja anayecheza kule. Saa tisa usiku yuko macho, mwanga wa simu usoni, mke anadhani kuna mwanamke mwingine. Bora hata angekuwepo, maana mwanamke mwingine huwa anaonekana. Mkeka hauonekani. Pombe inanuka, unga unamkondesha mtu, lakini wa mikeka anaamka, anaoga, anavaa vizuri na anakwenda kazini. Familia inakuja kushtuka siku ada haijalipwa, au siku watu wa mikopo ya kausha damu wamesimama mlangoni wanaulizia friji.

Hapo ndipo ndugu wengi wanapochemka, tena kwa nia njema kabisa.

Kuna njia mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni kulipa kimyakimya. Mama anauza kiwanja, kaka mkubwa anachukua mkopo kazini, mke anatoa hela yake ya kikoba. Kijana analia, anaapa kwa Mungu, anaifuta programu ya kubeti mbele ya watu wote na maisha yanaendelea. Ya pili inakuja pale ya kwanza ikishashindwa mara tatu au nne: anafukuzwa. Anaitwa mwizi, namba yake inablokiwa, kwenye misiba ya ukoo anakaa peke yake nyuma ya turubai. Zote mbili hazimtibu. Ya kwanza inampa mtaji, ya pili inamwacha na rafiki mmoja tu duniani, na rafiki huyo ni simu.

Hiyo ya kulipa deni inahitaji kuangaliwa vizuri, kwa sababu inafanana mno na upendo. Kwa mtu mwenye uraibu, deni lililolipwa na mtu mwingine halina tofauti kubwa na mkeka uliotiki. Hela imetoka asikotegemea, presha imeshuka, usiku analala, na Jumamosi kuna mechi. Akilini mwake hajajifunza kwamba kubeti kunaua. Amejifunza kwamba mambo yakiwa mabaya sana, kuna mtu atakuja. Ukiongeza na ule mchezo wa mkeka wa mechi 10 ambao tisa zinatiki na moja inachana dakika ya 89, mtu anabaki anaamini alikosa kidogo tu. Alikosa kidogo Jumamosi iliyopita, atakosa kidogo ijayo, na mtaji upo kwa sababu mama ana shamba lingine.

Italia ilitoa mfano mwingine kwenye sakata hilohilo la Tonali, na huu ni mzuri zaidi kwa familia. Nicolo Fagioli, wakati huo kiungo wa Juventus, alifungiwa miezi saba. Katika maelezo yake kwa wachunguzi, yaliyokuja kuchapishwa na magazeti ya Italia, alisimulia jinsi alivyomkopa mchezaji mwenzake euro 40,000. Alimwambia anataka kununua saa na kwamba akaunti zake zimefungwa na mama yake.

Mama alikuwa amefanya jambo la maana, kaweka mkono kwenye hela. Lakini chumba cha kubadilishia nguo hakikujua kwa nini. Kwa hiyo kufuli la mama likageuka kuwa sababu ya kukopea: akaunti zimefungwa, nisaidie kaka. Mwenzake naye alikopesha kwa roho safi, kama ambavyo mtu yeyote mwenye hela angemkopesha rafiki. Mmoja kafunga mlango wa mbele, mwingine kafungua wa nyuma, na hakuna kati yao aliyemkosea Fagioli kwa makusudi.

Hicho ndicho kinachotokea hapa kila siku, ila badala ya saa ni "mtoto anaumwa" na badala ya euro 40,000 ni elfu 40 ya M-Pesa. Mke kachukua kadi ya benki, lakini shemeji wa Morogoro hana habari, anatuma. Kaka kagoma kutoa hata mia, lakini mwenye duka anaendelea kuandika kwenye daftari. Mpira unafahamu vizuri tatizo hili. Mabeki watatu wanapanda kumtegesha straika, wa nne kabaki nyuma hajaambiwa, na straika anabaki peke yake na kipa. Hakuna kocha anayesema mabeki wale hawajui mpira. Hawakuongea, basi.

Sasa hapa aibu inaingia. Familia nyingi hazitaki jambo litoke nje. Siri ya ndani ibaki ndani, mtaa usijue kwamba mtoto wa mwalimu fulani ni teja wa mikeka. Ni hofu ya kueleweka, kwa sababu mtaa ukijua unacheka. Lakini kuna tofauti kati ya mtaa na kikosi. Mtaa hauna haja ya kujua. Wanaohitaji kujua ni wale ambao hela inaweza kupitia mikononi mwao: mke au mama, ndugu wawili watatu anaowakimbilia, rafiki wa karibu wa kijiwe, na mara nyingine bosi au mwenye pikipiki. Hawazidi mkono mmoja au miwili. Na wajue kwa kuambiwa naye mwenyewe, akiwa amekaa nao. Wakiambiwa kwa umbea wa pembeni anajiona kauzwa, na akijiona kauzwa anajificha zaidi.

Kusema yote kuna faida yake, hata pale kunapouma. Tonali alipofika Uingereza alikuwa bado anabeti. Baadaye yeye mwenyewe aliwaeleza wakubwa wa soka wa Uingereza kwamba aliweka mikeka 50 hivi kati ya Agosti na Oktoba 2023, akiwa tayari mchezaji wa Newcastle. Mei 2024 FA ikamhukumu miezi miwili ya adhabu iliyosimamishwa, kwa maana kwamba hatakosa mechi ila akirudia. Sababu mojawapo ya kuonewa huruma ilikuwa hiyo kwamba alijisema na akatoa ushirikiano. Kwenye familia za hapa kwa kawaida anasema nusu. Deni ni milioni tatu, anataja laki nane. Linalipwa hilo la laki nane, watu wanapumua, na milioni mbili na ushee zilizobaki zinamrudisha kwenye kubeti kwa sababu anatafuta namna ya kuzirudisha kabla hazijajulikana. Ndugu anayetaka kusaidia aanze na karatasi na kalamu, madeni yote, mpaka la muuza chipsi. Kama mtu akitaja deni kubwa akalipukiwa na matusi, lile lililofuata hatalitaja.

Halafu yalipwe na nani? Yeye. Kidogokidogo, kwa kipato chake, hata ikichukua mwaka mzima. Ndugu wanaweza kwenda naye kwa wanaomdai kuomba wavute muda, na hapo kaka mwenye mdomo mzuri ana thamani kuliko kaka mwenye hela. Mtoto hana ada? Ada ipelekwe shuleni. Kodi iende kwa mwenye nyumba, unga na mafuta vinunuliwe vifike nyumbani vikiwa unga na mafuta. Mkononi mwake isipite. Anayefanya kazi ya mshahara ana nafuu, kwa sababu mshahara unaweza kwenda sehemu moja kwa makubaliano. Dereva wa bodaboda ndiye mwenye mtihani, maana anashika noti kutwa nzima na duka la kubeti liko mkabala na kijiwe chake. Huyo akikubali kukabidhi hela ya siku kwa mke kila jioni kabla hajavua viatu, tayari amecheza mechi ngumu kuliko nyingi za ligi.

Neno la kushika hapo ni kukubali. Kumvizia usingizini na kumnyang'anya simu hakusaidii kitu, atanunua kiswaswadu na atabeti kwa ujumbe mfupi. Afadhali aifungie akaunti yake yeye mwenyewe, na makampuni mengi ya kubashiri yana kipengele cha mteja kujifungia kwa muda. Kakijificha sana kwenye programu zao, tofauti na kitufe cha kuweka pesa, lakini kapo.

Wapo watakaosema huku ni kumdekeza mtu mzima. Kacheza kamari kwa hiari yake, aumie. Hoja hiyo haikosi ukweli na ndiyo maana kesi ya Ivan Toney ina maana hapa. Straika huyo, wakati huo akiwa Brentford, alikutwa na makosa 232 ya kuvunja sheria za kubeti. Mtaalamu wa magonjwa ya akili akathibitisha kwamba ana uraibu wa kamari. Kamati ikaupokea ushahidi huo, ikapunguza adhabu kutoka miezi 11 hadi minane. Haikumfutia. Ugonjwa ulitambuliwa kuwa ugonjwa na kosa likabaki kosa. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari kwenye orodha yake ya magonjwa, kwa hiyo anayesema ni tabia tu anabishana na madaktari. Lakini kijana aliyeiba hela ya kikoba bado anadaiwa na kikoba, na hakuna daktari atakayesema vinginevyo.

Na atarudia. Si lazima, ila familia ijiandae hivyo. Paul Merson wa Arsenal alitoka hadharani Novemba 1994 akakiri pombe, kokeini na kamari, akalia mbele ya kamera, akaenda kutibiwa na Februari iliyofuata alikuwa uwanjani. Ingekuwa sinema ingeishia hapo. Kamari iliendelea kumtafuna kwa miaka mingi baada ya viatu kutundikwa, na amesema mwenyewe kwamba kwa jumla imemla pauni milioni saba hivi. Bado anapambana nayo na bado anaizungumzia. Nahodha wake wa wakati ule, Tony Adams, alikuwa naye mlevi aliyejificha nyuma ya kitambaa cha unahodha, mpaka 1996 alipowakusanya wenzake na kuwaambia. Mwaka 2000 Adams akaanzisha Sporting Chance, kituo cha kuwasaidia wanamichezo wenye uraibu. Wawili wa timu moja, zama moja, mmoja kasimama na hajaanguka tena, mwingine kaanguka na kuinuka mara kadhaa. Hakuna anayeweza kumwambia mama wa Tandika mwanawe atakuwa yupi.

Anachoweza kuambiwa ni kwamba akianguka, mpango unarudi ukurasa wa kwanza: karatasi, kalamu, kikosi kiambiwe. Hakuna haja ya kikao cha ukoo cha kumzomea. Na akianza maneno ya "bora nisingekuwepo" au "mtanikumbuka", hapo kila kitu kingine kinasimama. Haachwi peke yake, anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Waliopoteza kila kitu kwenye kamari wamo kwenye hatari hiyo na si maneno ya kutafuta huruma.

Newcastle ilikuwa na madaktari, wanasaikolojia na hela. Mama wa Tandika ana khanga na simu ya tochi. Ulinganisho una mipaka na ni vizuri isemwe. Kwa waliozama kwenye heroini, nchi hii ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, mtu anakunywa dozi yake kila siku chini ya uangalizi. Kamari haina dawa ya kunywa ya namna hiyo. Tiba yake ni mazungumzo na mtaalamu, wiki baada ya wiki, na wataalamu hao wanapatikana kwenye idara za afya ya akili za hospitali kubwa, ikiwamo Muhimbili kwa watu wa Dar na Mirembe kwa watu wa Dodoma. Jina la Mirembe linawatisha watu mpaka leo, wanadhani ukipita geti umetangazwa chizi. Ni uzembe wa miaka mingi kuliacha jina la hospitali liwe tusi la mtaani, na wanaoulipia uzembe huo ni wagonjwa.

Mke naye ni mtu. Akichoka akachukua watoto akaenda kwao ili angalau wale, asiitwe msaliti. Anaweza kuwa Moshi na bado akapokea simu kila jioni kuulizia siku imekwendaje.

Klabu, je? Mwaka 2017 Simba na Yanga zote mbili zilivaa jina la kampuni moja ya kubashiri kifuani, watani wa jadi wakifanana kwa mara moja. Ligi Kuu ya England imekubaliana kuondoa matangazo ya kamari mbele ya jezi baada ya msimu wa 2025/26, japo mikononi na kwenye mabango yatabaki. Hapa mjadala huo haujaanza kwa uzito wowote. Hela ya kubashiri inalipa mishahara ya wachezaji, na hata kurasa za michezo za magazeti hazijanawa mikono, odi zinakaa jirani na matokeo. Lakini kama klabu inaweza kumtumia mchezaji wake kutangaza bonasi ya Ijumaa, haiwezi kushindwa kumtumia huyohuyo dakika moja kueleza jinsi ya kujifungia akaunti.

Linabaki swali ambalo wake wengi huuliza: je, aache kuangalia mpira? Mlevi anaambiwa asikanyage baa. Wa mikeka akiambiwa asikanyage kibanda umiza, Jumamosi yake inabaki tupu kuanzia saa nane mchana, na saa hizo tupu ndizo mbaya. Tonali hakuwa na njia ya kuukwepa mpira, ni kazi yake. Merson anauchambua kwenye televisheni. Kwa wengine inategemea mtu. Wapo ambao miezi ya mwanzo hawawezi kuona kona ikipigwa bila kuwaza odi ya kona, na hao wapumzike kwanza, watafutiwe kitu cha kufanya na mtu wa kukifanya naye. Wengine wanaweza, kwa masharti. Mechi moja anayoipenda, si nane. Aiangalie nyumbani au kwa ndugu anayejua mpango. Simu zote, za wenyeji na za wageni, zikae juu ya kabati mpaka filimbi ya mwisho. Kipindi cha kwanza atakuwa anatikisa mguu na kuuliza mechi nyingine zinaendaje. Ajibiwe kwamba yatajulikana usiku kwenye taarifa ya habari, apewe chai, na mtu abaki amekaa karibu yake mpaka dakika 90 ziishe.